Mtoto Anayecheza Hapotezi Muda

Wazazi wengi wa mijini wanaamini kwamba saa ya mtoto kucheza ni saa iliyopotea. Mtoto wa darasa la tatu huamshwa saa 11 alfajiri awahi basi la shule, hurudi jioni, hula haraka na kupelekwa tuisheni. Jumamosi husoma tena, na likizo ikifika hutafutiwa mwalimu. Akionekana uwanjani na wenzake, huulizwa kwanza kama amemaliza kazi za shule. Wazazi hawa wanawapenda watoto wao na hujinyima mengi kwa ajili yao. Hata hivyo imani inayowaongoza ni potofu, na hasara yake inapita uchovu wa mtoto. Mchezo ukiondolewa, watu wazima hupoteza njia bora waliyo nayo ya kumsikia mtoto, na mtaa hupoteza nafasi ya kushiriki kumlea.

Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kueleza hofu, aibu au huzuni yake, lakini huviigiza. Katika mchezo wa baba na mama ataonyesha nani hufoka, nani hunyamaza na nani hupigwa. Aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kombolela, akaanza ghafla kujitenga, anatoa taarifa kwa mtu anayemtazama. Taarifa hiyo tunaihitaji sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya waliotendewa, takribani nusu ya wasichana na theluthi moja tu ya wavulana ndio waliomwambia mtu yeyote. Ishara ya mchezoni haitoshi kumtuhumu mtu, na anayekurupuka kumhoji mtoto anaweza kumtisha zaidi. Inatosha, hata hivyo, kumjulisha mtu mzima makini ni mtoto gani wa kukaa karibu naye, kumpa muda na kumsikiliza bila kumkatiza.

Wapo watakaokubali hayo na bado wakasema kwamba mitihani haisubiri, na kwamba dunia ya leo haimpi kazi mtu aliyeshinda uwanjani. Ushahidi hauwaungi mkono. Kuanzia mwaka 1986, watafiti mjini Kingston, Jamaica, waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliowaonyesha mama namna ya kuzungumza na kucheza na watoto wao kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, kipato chao kilikuwa asilimia 25 juu ya kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo, ilhali lishe ya nyongeza peke yake haikuacha matokeo kama hayo. Kwa Tanzania, ambako takribani asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa takwimu za mwaka 2022, hilo ni jambo zito. Ni kweli kwamba watoto wa Kingston walikuwa wadogo na walicheza na mama zao. Kwa walio wakubwa zaidi, tutazame kinachotendeka kwenye rede au gololi: wanatunga sheria, wanabishana juu ya aliyekosea, na wanalazimika kupatana, la sivyo mchezo unakufa. Hakuna tuisheni inayofundisha hayo.

Hoja ya usalama ina uzito zaidi. Bodaboda hupita kasi, mitaro iko wazi, na viwanja vingi vya wazi vimevamiwa na kujengwa. Mzazi anayehofia hayo ana haki ya kuhofia. Ila kumfungia mtoto ndani si kumlinda, kwa kuwa ukatili mwingi hutokea majumbani, mikononi mwa watu anaowafahamu. Mtoto anayejulikana na majirani kumi ana macho ishirini yanayomtazama, na asipotokea jioni moja, yupo wa kuuliza. Ndivyo ilivyo pia kwa hofu ya makundi mabaya: makundi hayo hustawi pale ambapo watu wazima wamejiondoa, kwa hiyo dawa yake ni watu wazima kurudi. Mkono mmoja haulei mwana, na mzazi aliyebanwa na kazi hadi usiku anaujua ukweli wa methali hii kuliko yeyote.

Sheria iko upande wa watoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu katika mambo ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Sheria hiyohiyo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Basi mkutano wa mtaa unaojadili taka na ulinzi ujadili pia mahali pa kuchezea: kiwanja kipi kirudishwe, barabara ipi ifungwe kwa magari saa za jioni, ni wazee na vijana gani watakaa karibu kwa zamu. Watoto wenyewe waulizwe wanacheza wapi na wanaogopa kupita wapi, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari. Shule zipunguze kazi za nyumbani, na mzazi afute angalau kipindi kimoja cha tuisheni kwa wiki. Hayo hayahitaji mfadhili, na mkutano ujao unaweza kuyaamua.