Mafuta ya Nyayo Siyo Tiketi ya Kurudi Kwenye Mchuchumio

Mjini ukitaja kuhamisha mafuta, kila mtu anawaza kitu kimoja tu: shepu. Tumbo limepotea, nyuma kumejaa, picha zinapostiwa, watu wanabishana kama ni gym au ni daktari. Kumbe kuna mafuta yanayohamishiwa mahali ambapo kamera haifiki kabisa: chini ya nyayo.

Na hapo ndipo baadhi ya mastaa wanapoiharibu stori. Magazeti ya Marekani yameshaandika sana kuhusu wanawake maarufu wanaochomwa sindano za kujaza nyayo kabla ya msimu wa tuzo, ili wamudu kusimama usiku kucha kwenye zulia jekundu na mchuchumio wao. Mashabiki wanacheka: hizo hela zimekosa kazi! Kwa staa wa hivyo, sawa, mcheke. Shida ni kwamba kicheko hicho kinawapiga hata wasiohusika.

Chini ya kisigino, na pale vidole vinapoanzia, kuna mto wa mafuta unaopokea uzito wa mwili kila hatua. Mto huo hukonda kwa umri, kwa miaka mingi ya viatu virefu, kwa magonjwa kama baridi yabisi, na hata kwa sindano za steroidi zinazorudiwarudiwa mguuni. Ukikonda sana, mtu ni kama anakanyagia mfupa. Ni kutembea juu ya kokoto hata ukiwa kwenye kapeti la sebuleni. Huyu anaweza kuwa nesi, mwalimu au dada wa dukani anayesimama kutwa. Na kwa vile mguu hauna kidonda wala uvimbe, anaambiwa anadeka.

Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, daktari wa upasuaji Jeffrey Gusenoff na mkewe Beth, daktari wa miguu, waliamua kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mafuta yanavutwa kutoka tumboni au mapajani, yanasafishwa, kisha yanadungwa kwenye unyayo wa mtu huyohuyo. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 yana funzo: baada ya mwaka mmoja wagonjwa walikuwa na nafuu ya maumivu, lakini unene wa mto ulikuwa umesharudi kama mwanzo.

Yaani nafuu ilibaki, godoro jipya halikubaki. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa kuutunza mguu kwa wiki kadhaa na viatu laini. Anayefanya hivi ili Jumamosi arudi kwenye mchuchumio ni sawa na kuziba pancha halafu kupita kwenye misumari ileile.

Kibaya zaidi, jambo likishaitwa urembo, mara nyingi bima nayo inajitoa. Staa atalipa mwenyewe. Nesi atalipa na nini?

Basi heshima irudi mahali pake. Kwanza viatu vya chini, soli laini na daktari wa kweli, siyo sindano za saluni. Na anayesema nyayo zinamuuma asikilizwe kabla ya kuchekwa. Kutembea bila maumivu siyo kiki.

Wadau, mnasemaje: hii ni tiba au ni urembo?