AFYA YA NYUMBANI: Jino Halivutwi Bila Nanga

Kila askari aliyewahi kusafiri kwa lori wakati wa masika analijua jambo hili. Gari likizama matopeni, dereva hukunjua waya wa winchi na kutafuta mti. Akiufunga waya kwenye mti mchanga, lori hubaki palepale na mti hung'oka. Akiufunga kwenye mvule uliokomaa, mti husimama imara na lori hutoka. Nguvu ya winchi ni ile ile. Tofauti ni mahali ilipoegemea.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala kazi ya daktari wa kunyoosha meno. Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, aliiandika mwaka 1687: kila nguvu huzaa nguvu nyingine iliyo sawa nayo, ielekeayo upande wa pili. Kwa hiyo jino linalovuta jenzake, lenyewe pia huvutwa. Kile kinachoshikilia ili mvuto usipotee huitwa nanga. Edward Angle wa Marekani, aliyeishi kati ya mwaka 1855 na 1930, na ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa elimu ya kisasa ya kunyoosha meno, alizipanga nanga hizo katika aina zake mbalimbali.

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 13 anayeishi na wazazi wake katika nyumba za polisi. Meno yake ya mbele ya juu yamejitokeza na kuachana hata midomo haifumbiki vizuri. Mwanya mdogo ni pambo, wala hauhitaji tiba. Lakini meno yake yamepita kiasi hicho. Akicheka huziba kinywa kwa mkono, na darasani hapendi kusimama na kusoma. Jirani mwema anamletea mama yake mpira mwembamba wa kufungia noti. Anaambiwa auzungushe kwenye meno mawili ya mbele, nayo yatasogeleana kwa wiki chache, bila gharama. Baba, ambaye ni sajini, yuko kazini mbali. Shauri limebaki kwa mama peke yake.

Hapana budi mama huyo ajue hatari iliyomo. Mzizi wa jino la mbele ni mwembamba kuelekea nchani. Mpira uliofungwa hapo hauna kitu cha kuuzuia, hivyo huteleza juu, hujificha chini ya ufizi na kuendelea kupanda kwenye mzizi. Huko hukata nyuzi zinazolishika jino na kuharibu mfupa. Mzazi hudhani mpira umeanguka, kumbe ungali ndani. Ufizi huvimba, meno hulegea na kuonekana kurefuka, na mara nyingine hupotea kabisa. Meno hayo ni ya utu uzima. Yakitoka hayaoti tena.

Jino halikuchomekwa mfupani kama msumari ukutani. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando wa nyuzi wenye unene upatao milimita 0.2. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo ya kudumu, mfupa ulio upande wa kusukumiwa huyeyushwa polepole na chembechembe za mwili, na upande wa pili mfupa mpya hujengwa. Kazi hiyo haiharakishwi kwa kuongeza nguvu. Nguvu ikizidi, damu hukosa njia katika utando huo, na jino hukwama na kuuma. Mwendo wa kawaida ni kama milimita moja kwa mwezi.

Kwa mtoto kama binti huyo, daktari mara nyingi huamua kung'oa gego dogo moja kila upande, lile lifuatalo chonge, ili kupata nafasi ya kurudisha meno ya mbele. Nafasi hiyo ni kama milimita 7 kila upande. Kisha hugandisha vibanio vidogo juu ya meno, hupitisha waya ndani yake, na kuvuta meno ya mbele kwa springi au mpira maalumu ulioshikizwa kwenye magego ya nyuma. Hapo ndipo lile swali la lori na mti linapotokea. Ikiwa magego hayakushika, yatakuja mbele na kuijaza nafasi ile. Milimita 7 zitakuwa zimekwisha, jino zima limetolewa, na binti bado anaziba kinywa chake.

Njia ya kwanza ya kuzuia hasara hiyo ni kuunganisha magego mengi kwa waya yawe kundi moja. Mizizi mingi pamoja huhimili kuliko mzizi mmoja, kama watu katika mashindano ya kuvuta kamba. Madaktari wengine huvuta chonge peke yake kwanza, ndipo wavute meno manne ya mbele. Lakini njia hiyo huongeza muda wa matibabu. Wengine huunganisha magego ya kushoto na ya kulia kwa waya mnene upitao kwenye kaakaa. Waya huo huweza kuwa na kibonge cha plastiki kinachoegemea kaakaa lenyewe. Nanga hizi husaidia, ila magego huweza kusogea kidogo hata hivyo.

Njia ya pili ni kuitafuta nanga nje ya kinywa. Mgonjwa huvaa mkanda kisogoni au shingoni, uliounganishwa na chuma kinachoshika magego. Njia hii imetumika tangu karne ya 19, nayo ina nguvu, lakini hufaa tu ikiwa mtoto ataivaa saa nyingi kila siku, kwa kawaida 12 au zaidi, usiku ukiwemo. Asiivae akicheza, na asiivue kwa kuivuta kwa nguvu, maana chuma kikifyatuka huweza kumjeruhi macho.

Njia ya tatu ni kuitia nanga katika mfupa wenyewe. Mwaka 1945 watafiti wawili wa Marekani, Gainsforth na Higley, walijaribu skrubu katika taya za mbwa, lakini zililegea baada ya wiki chache. Mwaka 1983 Creekmore na Eklund walieleza jinsi skrubu iliyowekwa chini ya pua ya mgonjwa ilivyowezesha kupandisha meno yake ya mbele ya juu. Mwaka 1997 Ryuzo Kanomi wa Japani alieleza matumizi ya skrubu ndogo mno, yenye kipenyo cha milimita 1.2. Tangu hapo njia hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Skrubu za leo huwa na kipenyo cha milimita 1.2 hadi 2. Daktari hutia ganzi kidogo, huipachika kati ya mizizi ya magego, na baadaye huitoa kwa urahisi. Meno ya mbele huvutwa kwa kuegemea skrubu, na magego hubaki mahali pake. Hata hivyo njia hii nayo ina kasoro zake. Katika kila skrubu 100, zipatazo 13 au 14 hulegea kabla ya wakati. Uchafu unaoleta uvimbe wa ufizi ni adui yake mkubwa, na mfupa wa mtoto mdogo haujakomaa kuishika vema.

Matibabu huchukua miaka miwili hivi, na kila baada ya wiki chache mgonjwa hurudi kukaguliwa. Familia za askari zikumbuke jambo moja zaidi: uhamisho. Baba akipelekwa kituo kingine, nyaya zisiachwe kinywani bila mwangalizi. Waombe mapema nakala za picha za eksirei na maelezo ya daktari, na watafute mahali pa kuendelea. Nyumbani, meno yapigwe mswaki kila baada ya chakula, na miwa, mifupa na mahindi makavu viwekwe kando. Nyaya zikishatolewa, mtoto atavaa kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Asiyekivaa huweza kupoteza kazi yote.

Basi mama yule aurudishe mpira kwa jirani kwa shukrani na heshima, kwani ulitolewa kwa nia njema. Asubiri mumewe arudi, wapige hesabu ya fedha na ya muda, kisha wampeleke binti kwa daktari wa meno. Wakifika huko wasione haya kuuliza, kabla jino lolote halijang'olewa: "Daktari, meno ya mbele ya mtoto wetu yatavutwa kwa kuegemea wapi?" Daktari mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa hivyo, na jibu lake watalielewa.