Bahari Si Jaa la Vita

Majuzi nilialikwa arusini Machakos. Baada ya kula tuliketi chini ya mwembe, mimi na babu yake bwana arusi, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini. Aliposikia kwamba natoka Mombasa, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia katika vilima vile vilivyo mbali na maji ya chumvi: "Maalim, nyinyi watu wa bahari, mwaweza kunionyesha kaburi la baba yangu?"

Baba yake alikuwa askari wa mizinga. Februari 1944 alipanda meli Kilindini pamoja na wenzake wa Afrika Mashariki, kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Meli iliitwa Khedive Ismail. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido, ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo, walikufa 1,297. Mzee wangu huyu alikuwa angali mtoto wa kunyonya.

Nilimjibu kwamba kaburi sina la kumwonyesha, lakini askari wetu waliofia katika meli ile wameandikwa majina kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi.

Mjukuu wake mmoja, kijana msomi, akadakia: "Lakini babu, vita vilipokwisha, silaha zenyewe zilitoswa baharini. Si ndiyo yalikwisha?"

La, hayakwisha. Na watu wa pande zetu ndio wasiostahili kudanganywa kwa jambo hili, maana somo tulipewa mapema. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja mwezi wa Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Ilipozidiwa kwa mizinga, tarehe 11 Julai 1915, mabaharia wake wenyewe waliizamisha. Ungedhani habari yake imekwisha. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 kutoka katika maji yale ya matope, wakaitia magurudumu, wakaenda kupigana nayo bara. Chombo kilikufa, silaha zake zikafufuka. Vijana wengi wa Ukambani walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita vile, wale walioitwa Kariakoo, na wengi hawakurudi. Mzinga mmoja wa Königsberg umo Ngomeni, Mombasa, hata leo.

Vita vya pili vilipokwisha, washindi walijikuta na mali wasiyoitaka. Kati ya Novemba 1945 na Februari 1946, Waingereza walizizamisha nyambizi 116 za Kijerumani kaskazini-magharibi ya Ireland. Nyingi zilizama zikikokotwa, kabla ya kufika mahali palipopangwa. Aprili 1946 Wamarekani walizamisha nyambizi 24 za Kijapani karibu na visiwa vya Goto. Ama risasi na mabomu, katika handaki la bahari liitwalo Beaufort's Dyke, kati ya Scotland na Ireland, zilitupwa zaidi ya tani milioni moja. Mabomu ya sumu nayo yakatoswa katika bahari ya Baltiki.

Najua watanijibu kwamba ulikuwa wakati wa dhiki. Ulaya ilikuwa magofu, maghala yamejaa baruti, na kuiacha karibu na watu kulikuwa hatari. Nakubali. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Wavuvi wa Bornholm, Denmark, wamevua sumu hiyo katika nyavu zao, ikawaunguza ngozi. Mwaka 1995, bomba la gesi lilipokuwa likilazwa karibu na Beaufort's Dyke, maelfu ya mabomu ya moto yalitupwa na mawimbi katika fukwe za Scotland, miaka hamsini baada ya amani.

Mkataba wa London wa 1972 ulikuja kuzuia kutupa taka baharini. Ni vizuri, lakini sheria haiopoi kilichokwisha kuzama. Chuma kinaliwa na kutu, na kila mwaka unaopita kazi ya kukiondoa huzidi kuwa ngumu.

Msomaji wangu, kuzika na kutupa si kitu kimoja. Azikaye huweka alama na kuandika jina, ili ajaye ajue. Atupaye hugeuza uso akaenda zake. Wale askari wa 1944 bahari iliwameza bila ya hiari ya mtu, na hata hivyo wameandikwa. Basi kwa nini mabomu yaliyotupwa kwa amri, mchana kweupe, yasiandikwe ni mangapi, ya namna gani, na yako wapi? Waliotupa wafungue madaftari yao yote, watoe ramani, na gharama ya kuyaopoa waibebe wao. Mvuvi asilipe kwa mikono yake deni la jemadari.

Ama sisi, tusikubali kuambiwa kwamba bahari ni pana na haijai. Huyo asemaye hivyo hakai pwani wala hana mtu wake chini ya maji.

Nimeahidiana na mzee na mjukuu wake. Mwezi ujao tutakutana Nairobi, tukalitafute lile jina.