Virunga: wadudu wadogo wasiohesabiwa, vita vikiendelea

GOMA – Mbuga ya taifa ya Virunga, iliyotimiza miaka 100 mwezi Aprili 2025, inajulikana duniani kwa sokwe wake wa milimani. Sokwe hao huhesabiwa mmoja mmoja. Wadudu, ambao ni wengi kuliko wanyama wote wa mbuga hiyo, hawana anayewafuatilia.

Miongoni mwao ni wadudu ambao wataalamu huwaita Tingidae. Wana urefu wa milimita chache tu, na mabawa yao yanafanana na kitambaa cha lesi. Hukaa upande wa chini wa majani na kufyonza utomvu. Aina nyingi hutegemea mmea mmoja, au michache ya ukoo mmoja. Kwa hiyo miti ya mbuga inapokatwa ili kuchomwa makala yanayouzwa Goma, mdudu anaweza kutoweka pamoja na mti wake bila mtu kujua.

Mkulima pia ana sababu ya kujali. Baadhi ya wadudu hao, wanaoitwa Habrochila, hushambulia kahawa ya arabika katika nyanda za juu za ukanda huu. Nchini Uganda, katika miaka ya 1960, mdudu mwingine wa jamii hiyo aliletwa kutoka nje ili apunguze magugu ya lantana. Baadaye alikutwa akila ufuta huko Serere. Asiyewajua wadudu wa kwake hawezi kutofautisha mwenyeji na mgeni, wala mwenye faida na mharibifu.

Kazi ya kuwatambua ilianza zamani. Kati ya 1933 na 1935, Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza ukusanyaji mkubwa wa wanyama na wadudu katika mbuga hii, wakati ikiitwa Albert. Vielelezo vilipelekwa Ubelgiji, na matokeo yakachapishwa Brussels.

Leo kuendeleza kazi hiyo ni vigumu. Mbuga iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 1994, na M23 iliuteka mji wa Goma Januari 2025. Amani ikirudi, sokwe watatangulia kuhesabiwa kwa sababu huleta watalii na dola. Lakini vyuo vikuu vya Kivu vikikosa nafasi ya kukusanya wadudu na kuwahifadhi hapa hapa, majina yatabaki Ulaya, na huku vitabaki visiki.