Simu isiyoshikwa mkononi bado si dawa kwa dereva wa dagaa

Biashara ya dagaa mkoani Mwanza inaendeshwa kwa simu, na asiyepatikana hewani ndiye anayeuza kwa bei ya jana. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hupumzisha taa zao, mzigo unaadimika na bei inapanda. Giza likirudi, boti kutoka visiwani zinashusha magunia Kirumba Mwaloni na bei inateremka. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, dagaa hawakauki na hesabu zote zinavurugika. Ndiyo maana mwenye mzigo ulio njiani humtafuta dereva wake saa yoyote: apakue Geita, asipakue, au asonge mbele hadi kwa mnunuzi mwingine.

Dereva naye yuko kwenye usukani. Hapo ndipo simu janja ilipoingia kama mkombozi. Mteja anaelezwa dukani kwamba hana haja tena ya kushika kitu. Atamke tu jina la anayemtaka na simu itajipiga yenyewe. Wapo wenye magari waliowanunulia madereva wao simu za namna hiyo, wakiamini kuwa wameondoa hatari na kulinda biashara kwa wakati mmoja. Imani hiyo inafaa kuangaliwa upya, kwa sababu anayeilipia ni mwenye mali.

Tatizo la kwanza ni majina. Kanda ya Ziwa ni nchi ya akina Kulwa na Doto, Shija na Masanja, Ng'washi na Ng'wandu. Simu iliyopangwa kwa Kiingereza haijui la kufanya na jina linaloanza na Ng'. Ikilitambua jina, inakuta Kulwa wanne: Kulwa Mwaloni, Kulwa Fundi, Kulwa Mkaa na Kulwa Geita, kila mmoja na laini mbili au tatu zilizohifadhiwa kwa jina la mtandao. Wengine bado wameandikwa Tigo ingawa kampuni hiyo ilibadili jina kuwa Yas mwaka 2024. Simu inauliza ni Kulwa yupi. Dereva anajibu kwa Kiswahili, simu inamwambia kwa Kiingereza kwamba haikuelewa, na kazi inaanza upya.

Haishangazi. Siri ya kampuni ya Apple ilipotolewa mwaka 2011 ilifahamu Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka mwaka 2017. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilitangaza kupata dola milioni 3.4 za Marekani kwa kazi iliyohusu kukusanya sauti za Kiswahili, ili mashine zijifunze lugha hii kutoka kwa wasemaji wenyewe. Ni kusema kwamba Kiswahili kimeingia darasani baada ya wenzake. Kwenye chumba cha Fuso lenye injini inayounguruma na vioo vilivyoteremshwa kwa ajili ya joto, hata mwanafunzi mzuri husikia nusu ya maneno.

Matokeo yanajulikana kwa kila anayepanda magari ya mizigo. Baada ya jaribio la tatu dereva anaichukua simu mkononi, anaitazama na kumtafuta Kulwa kwa kidole. Chombo kilichonunuliwa ili simu isishikwe kimesababisha ishikwe kwa muda mrefu zaidi, tena na mtu aliyekwisha kasirika.

Tatizo la pili halizungumzwi sana, nalo ni la siri ya biashara. Simu isiyoshikwa husikika kwenye spika. Ndani ya gari moja mara nyingi wamepanda utingo, mfanyabiashara mwenye magunia yake nyuma, na pengine dalali aliyeomba lifti hadi Sengerema. Mwenye mzigo akipaza sauti kutoka Kirumba kwamba bei imeanguka na dereva auze kwa chochote atakachopata, wote wamesikia. Kabla gari halijafika sokoni, mnunuzi ameshapigiwa simu na mtu mwingine na anajua kwamba muuzaji amebanwa. Hasara ya namna hii haionekani kwenye daftari, lakini hulipwa kwa kila gunia.

Jambo la tatu limekuja na maendeleo yenyewe. Kwa miaka mingi gari la kwenda Sengerema na Geita lilisimama Kigongo kusubiri kivuko cha kuelekea Busisi. Wafanyabiashara waliulalamikia ucheleweshaji ule, na walikuwa na haki. Hata hivyo foleni ile ilikuwa pia ofisi ya simu: dereva alizima injini, akateremka, akawapigia wote waliomtafuta na kuulizia bei za mbele. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lilipozinduliwa Juni 2025, maji yale yanavukwa kwa dakika chache juu ya daraja la kilomita zipatazo 3. Gari halisimami tena, lakini simu hazijapungua. Mazungumzo yaliyokuwa yakifanyika kwenye foleni yamehamia kwenye usukani, na hakuna aliyeyapangia mahali pengine.

Watetezi wa teknolojia watasema kwamba mashine zinaboreshwa kila mwaka, na siku itafika ambapo simu itamtambua Ng'washi bila kusita. Huenda ikawa hivyo. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah uliofanywa kwa ajili ya taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba akili ya dereva aliyetoa amri kwa sauti inaweza kuendelea kuwa mbali na barabara hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Fuso linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 600 katika muda huo, yaani sehemu moja ya tano ya daraja zima. Simu ikielewa Kiswahili vizuri itaondoa kero ya kurudia majina. Haitaurudisha mawazo ya dereva barabarani wakati kichwani mwake anapiga hesabu ya magunia.

Mwekezaji mdogo, yule aliyekopa ili anunue gari moja, ana sababu ya ziada ya kulifikiria hili. Magari mengi ya biashara hukatiwa bima ndogo kwa sababu ni rahisi. Bima hiyo humlinda mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali yake. Gari la mwenyewe likipinduka, hailipi, na mzigo uliomo nao hauhusiki. Simu moja ya kuuliza bei inaweza kumwacha mtu na deni la benki, chuma chakavu, na wateja wanaodai magunia yao. Hayo ni mbali na roho za watu, ambazo hakuna bima inayozirudisha.

Ni kweli kwamba dereva asiyepatikana kabisa anaweza kumtia tajiri wake hasara. Soko halisubiri. Lakini dawa ya jambo hili iko kwenye mpango wa safari zaidi kuliko kwenye simu. Kabla gari halijaondoka Kirumba, mwenye mzigo na dereva wakubaliane bei ya chini ambayo dereva anaruhusiwa kuuza bila kuuliza, na waiandike. Wapange vituo vya kupiga simu gari likiwa limesimama: Usagara, Sengerema na Geita kwa safari ya magharibi, Magu, Lamadi na Bunda kwa safari ya Musoma. Katikati ya vituo hivyo simu ikae kwa utingo, ambaye ana mikono mitupu na anamjua kila Kulwa kwa sauti. Utingo apokee, aandike, na asubiri gari lisimame ndipo amweleze dereva.

Mpango huu hauna gharama ila nidhamu, na nidhamu hiyo inaanzia kwa aliyeko mwaloni. Dereva hapokei simu kwa kupenda. Hupokea kwa sababu anayepiga ndiye anayemlipa. Tajiri anayepiga mara sita kati ya Usagara na Sengerema asilaumu simu kwa kutojua Kisukuma. Mali bila daftari huisha bila habari, na bei ya chini iliyoandikwa asubuhi Kirumba inaweza kuokoa safari nzima pamoja na gari lenyewe.