Alama Mbili kwa Kuandika x ni Nini

Naongoza kikundi cha kujisomea cha wenzetu wa mwaka wa kwanza, na nimechoka kusikia eti "hawajui hesabu". Wape milinganyo miwili, x na y zimeshapangwa, wanaimaliza fasta. Wape habari ileile kwa maneno, kimya. Kinachowashinda ni kuitoa sentensi kwenye maneno na kuiweka kwenye mlinganyo, na kazi hiyo hapa chuoni hatufundishwi wala haina alama.

Jamani, si sisi peke yetu. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, John Clement, alichapisha makala kuhusu wanafunzi 150 wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Waliambiwa chuo kina wanafunzi mara 6 ya maprofesa. Andika mlinganyo, S iwe idadi ya wanafunzi na P ya maprofesa. Asilimia 37 walikosa, wengi wakiandika 6S = P. Weka maprofesa 10 hapo uone: wanafunzi hata wawili hawatimii! Wapo waliofuata tu mpangilio wa maneno ya Kiingereza, ambamo 6 imekaa jirani na wanafunzi. Wengine waliiona S kama mwanafunzi mwenyewe badala ya idadi.

Sasa sema kwa Kiswahili: "idadi ya wanafunzi ni mara 6 ya idadi ya maprofesa". Andika neno kwa neno, unapata S = 6P. Lugha imekufikisha mlangoni. Ila isikulevye, maana ukiambiwa "kila profesa ana wanafunzi wake 6", mkono unakimbilia P = 6S bila aibu.

Halafu kuna hili la herufi. Kantini, chapati 2 na chai 1 ni shilingi 1,400; chapati 3 na chai 2 ni shilingi 2,300. Watu huanza na "c ni chapati", mara chai nayo inadai c yake, vurugu tupu. Chapati haijumlishwi na chai (labda tumboni). Tunajumlisha bei. Kwa hiyo andika kwa maneno kamili: x ni bei ya chapati moja kwa shilingi, y ni bei ya kikombe kimoja cha chai. Hapo 2x + y = 1,400 na 3x + 2y = 2,300 zinakuja zenyewe. Majibu ni 500 na 400, na njia ya kuyapata tulishaikariri tangu sekondari.

Wengi wetu tulifumbua mafumbo kwa Kiswahili shule ya msingi, kidato cha kwanza yakageuka Kiingereza ghafla. Iweje leo mtu akiuliza kwa Kiswahili kwenye semina atazamwe kama kaja mahafali na ndala? Najua nitaambiwa mtihani ni wa Kiingereza. Sawa, ubaki hivyohivyo. Naomba dakika 10 tu za semina tuulizane kwa lugha yoyote: kipi hatukijui, na kinapimwa kwa kipimo gani? Na wahadhiri wetu, kwenye swali la alama 10, tengeni 2 kwa anayeeleza x yake ni nini kabla hajaanza kukokotoa. Wawakilishi wa madarasa, kikao cha idara kikiitishwa, hili mlipeleke kabla ya ile habari ya projekta.