Bodaboda wafundishwe kusimama ghafla

Mhariri,

Vijana wengi wa bodaboda hufundishwa kuondoka na kubadili gia, lakini si kusimama ghafla wala kukwepa hatari.

Juzi nikiwa abiria wa bodaboda, mbuzi alikatiza mbele yetu. Dereva alikanyaga breki ya nyuma pekee, tairi likaserereka, tukaanguka. Ya mbele hakuigusa, akiamini hupindua pikipiki. Kumbe unaposimama uzito huhamia mbele, hivyo breki hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, mradi ibanwe kwa kuongeza nguvu hatua kwa hatua, bila kushtua.

Ujuzi huu hupatikana kwa mazoezi uwanjani. Nawaomba Kikosi cha Usalama Barabarani na viongozi wa vijiwe watenge viwanja na wakufunzi. Wataanza lini?

Abiria wa bodaboda,
Morogoro